Usiku wa 31 Oktoba, Nyangwe na Kasongo

Oktoba ikielekea mwisho, simu za vijana wa Kasongo hujaa picha za mbali: maboga yaliyochongwa macho na meno, watoto wa Marekani waliojipaka unga usoni wafanane na maiti, mifupa ya plastiki iliyotundikwa milangoni. Jumapili yake mhubiri anapanda mimbarini kuilaani Halloween mbele ya waumini ambao wengi wao hawajawahi kuiona wala hawana haja nayo. Kwetu boga ni chakula. Majani tunapika, boga lenyewe tunachemsha, na mbegu zake, mbika, tunazitwanga. Kijana atakayelitoboa boga zima ili achomeke mshumaa ndani atakuwa na kesi na mama yake kwanza, kabla ya kesi na shetani.

Lakini vijana wakiuliza wafanye nini, wapewe jibu. "Acheni mambo ya Wazungu" si jibu. Nami ninavyoona, kinachotutesa kusini mwa Maniema si Halloween. Ni hofu: hofu ya usiku, hofu ya wafu, hofu ya mlozi. Hofu hiyo ina watu iliowaumiza, na wengine unapishana nao kila siku njiani kwenda kisimani. Kwa hiyo zichukue siku tatu, 31 Oktoba hadi 2 Novemba, uzitumie kuipunguza. Huku mtaani kwako ndiko kazi iliko.

Historia kidogo, maana utaulizwa. Sikukuu ya Watakatifu Wote ilikwisha kukaa tarehe 1 Novemba katika Ulaya Magharibi kufikia karne ya 9. Karibu mwaka 998 Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, akawaagiza watawa wake kuwaombea marehemu wote kesho yake, tarehe 2. Usiku wa 31 Oktoba ni kesha la sikukuu hizo. Wairlandi, waliokuwa na mila zao za moto na roho zinazotembea majira hayohayo, walihamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19. Huko wakalikuta boga, kubwa na rahisi kuchonga, na wenye maduka wakamalizia mengine. Ukiwa Mprotestanti, kumbuka pia kwamba 31 Oktoba 1517 ndiyo tarehe ya hoja 95 za Martin Luther kule Wittenberg. Usiku huu ulikuwa wa Kanisa kabla ya kuwa wa wauza pipi. Sioni sababu ya kuukimbia.

Mavazi: mchana, na uso wazi

Tuanze na watoto, maana wao ndio wanaotaka kujipamba. Waruhusu, ila kwa masharti mawili: iwe mchana wa tarehe 31, na uso usifichwe.

Sharti la uso silitoi kwa sababu ya dini. Mtu aliyefunika uso gizani, Kabambare au barabara ya Salamabila, hatachukuliwa kuwa anacheza. Tumeishi na wenye bunduki wa kila aina. Askari mwenye hofu hupiga kwanza, na vijana wanaolinda kijiji vilevile. Usimtume mtoto wa mtu katika hatari hiyo kwa ajili ya mchezo. Tena vinyago vina wenyewe: kwa majirani zetu Warega ni vitu vya bwami, chama chao cha mila, vina daraja na wakati wake, na Mkristo asiyekubaliana na mambo hayo hapati kwa hilo ruhusa ya kuyafanyia mzaha.

Sasa wavae nini? Wavae kama watakatifu na wenyeheri, na hapa hatuhitaji kwenda kuazima Ulaya. Binti anayejifunga kitambaa cheupe kichwani ni Anuarite, sista aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kutangazwa mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985. Mvulana mwenye skapulari shingoni ni Isidore Bakanja, kijana mfanyakazi aliyechapwa kwa kukataa kuivua, akafa kwa majeraha yale mwaka 1909. Aliyevaa shati safi la kazini na kalamu mfukoni ni Floribert Bwana Chui wa Goma. Huyu alikuwa mkaguzi wa bidhaa zinazoingia mpakani. Alikataa rushwa asiruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu, akauawa Julai 2007. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Mweleze mtoto kisa hicho polepole: mwenyeheri aliyefia chakula kibovu, tena mtu wa rika la kaka yake mkubwa.

Halafu kuna wale wa jirani kabisa. Ukitoka Kabambare kuelekea mashariki unaingia Fizi. Huko, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita vya waasi wa Simba, waliuawa wamisionari Wasaveriani watatu Waitalia, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, pamoja na padri wa jimbo, Albert Joubert; wawili Baraka, wawili Fizi. Walitangazwa wenyeheri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Joubert alizaliwa 1908 karibu na Moba, baba yake yule kapteni Mfaransa aliyepigana na wafanyabiashara ya watumwa kando ya Tanganyika, mama yake Mkongomani. Mzee wa Kabambare aliyekuwa kijana mwaka 1964 hahitaji kusimuliwa Simba ni nini. Mwite mchana huo, akae kwenye kiti mbele ya watoto, aseme aliyoyaona. Saa moja ya mzee huyo itawafaa kuliko hotuba tatu juu ya maboga.

Kazi ya kuandaa, kwa Wakatoliki, wape vijana wa vyama vya Xaveri au Kiro, na kwa Waprotestanti wape walimu wa shule ya Jumapili, ambao wanaweza kuchagua watu wa Biblia wakitaka kuwaacha wenyeheri. Mtoto aseme mwenyewe yeye ni nani na alifanya nini. Kama sentensi ni mbili, basi mbili. Mwisho wapewe karanga na ndizi, na mambo yaishe kabla jua halijazama.

Daftari la majina

Hii ndiyo kazi kubwa, na ianze mapema, katikati ya Oktoba. Kila shirika la kanisa linunue daftari moja la shule. Anayeandika vizuri apite nyumba kwa nyumba kukusanya majina ya marehemu.

Wengi hukosea hapa kwa kumfuata kijana mwenye haraka, naye anatoa majina mawili matatu anayoyajua na kurudi kwenye simu yake. Mtafute bibi wa nyumba. Nenda jioni, wakati anamenya mihogo au anapepeta mchele, ukae chini, ushike nawe kisu. Anza na msiba wa karibuni, kisha rudi nyuma: "Kabla ya huyo, nani?" Usimharakishe akinyamaza. Andika jina la ubatizo na jina la nyumbani yote mawili, maana mara nyingi mtu alijulikana kwa la nyumbani tu, na ukisoma "Petro" kanisani hata mwanawe hatajua kama ni baba yake. Kisha uliza amelala wapi. Hapo ndipo utakaposikia: Tongoni, Kindu, hospitalini Bukavu, njiani wakati wa kukimbia vita 1996, porini 1998, mtoni Lualaba. Andika hivyohivyo. Watoto waliokufa wachanga waandikwe pia, hata wasiokuwa na jina. Mama atakuambia ni wangapi, na hatakuwa amesahau mmoja.

Waliokufa porini ndio wanaotuogopesha zaidi, kwa sababu hawakuzikwa na tunadhani wana kinyongo. Jina lao likisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, ndugu zao wakasimama, kitu kinabadilika. Tumezoea kuyanong'oneza majina hayo, na minong'ono ndiyo inayoilea hofu.

Nyangwe kuna ukurasa mmoja wa ziada. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. David Livingstone, aliyekuwa akikaa hapo tangu mwisho wa Machi, alikadiria watu 1,500, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, vyungu, chumvi, kuku na mafuta ya mawese. Watu wa msafara wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ulizuka juu ya bei ya kuku, risasi zikaanza. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana, wakajitupa mtoni wajaribu kuogelea, na Lualaba ikawabeba. Wafanyabiashara Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika hesabu hiyo, lakini majina ya wale mama hayakuandikwa.

Hawa nao wawekewe mstari wao katika daftari: mama wa soko la Nyangwe. Baada yao waweke waliokufa mwaka 1893, majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yalipouteka mji huu mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, kwa sababu huwezi kuulilia upande mmoja wa historia ukanyamazia mwingine. Na yeyote atakayetaka kuigeuza 1871 kuwa fimbo ya kuwapigia jirani zetu Waislamu wa leo, mkatize papo hapo. Wale mama wa sokoni ni bibi zetu sote. Wajukuu wao wengine wanasali Ijumaa, wengine Jumapili, na mara nyingi wanatoka tumbo moja.

Mkiwa Wakatoliki, majina yasomwe kwenye Misa ya tarehe 2. Mwombe padri mapema akwambie kama atayasoma yote au daftari litawekwa altareni, maana majina 400 hayasomeki kwa dakika tano. Waprotestanti hawawaombei wafu. Basi ninyi someni majina na mshukuru kwa kila mmoja, kisha muwaombee walioachwa. Tofauti hiyo ni ya kweli na haina haja ya kufichwa, lakini hamkatazwi kukaa katika uwanja mmoja.

Makaburi wakati wa mvua

Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi walio hai na waliokufa, Kongo nzima huenda makaburini asubuhi na kula na wazazi mchana. Agosti kwetu ni kiangazi: nyasi zimekauka, njia inapitika. Novemba ni mambo mengine. Mvua imeshika, nyasi zimefika kiunoni, na nyoka wamo. Kwa hiyo usafi ufanyike wiki moja kabla, na watu wazima wenye mapanga na buti, asubuhi. Watoto waje baadaye kuokota majani na kupanga mawe. Msichome moto: majani mabichi hayashiki, na misalaba ya mbao inaungua. Kaburi lililobomoka lijazwe udongo, kisha lijazwe tena baada ya siku mbili, udongo ukishakaa. Kaburi lisilo na mwenyewe lilimwe kama mengine. Hilo mkilifanya, kijiji kizima kitaona.

Mvua ikiwazuia tarehe 2, msihangaike. Kwa Wakatoliki rehema kamili kwa ajili ya marehemu inapatikana kwa kuzuru makaburi na kusali siku yoyote kati ya 1 na 8 Novemba, kwa masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, na sala kwa nia za Papa.

Mshumaa wazi hauishi dakika kumi kwenye upepo wa mvua. Chukua kopo tupu la nyanya, toboa matundu ubavuni kwa msumari, weka kibatari au kipande cha mshumaa ndani. Watoto watayatoboa kwa mfano wa msalaba au nyota, na hiyo ndiyo taa yao ya 31 Oktoba wakiitaka. Boga libaki la kupikwa. Pombe ya lotoko isifike makaburini. Si lazima nieleze.

Waislamu wa nyumba moja

Kasongo na Nyangwe, familia isiyo na Mwislamu hata mmoja ni ya kutafuta. Mjomba wako Mwislamu mwalike kwenye usafi wa makaburi, na chakula. Usimwalike kwenye Misa halafu ukasirike asipokuja. Kaburi la Mwislamu mlisafishe akiwapo mtu wake, bila mishumaa, bila msalaba, na yeye ndiye atakayeomba dua. Jina la Mwislamu lisiingizwe kwenye daftari kabla watoto wake hawajaulizwa. Wengine watakubali kwa furaha, wengine watasema wanamsomea wao wenyewe, na neno lao ndilo la mwisho. Chakula kiwe wali, mazao ya hukuhuku, na samaki wa Wagenya. Kuku achinjwe na Mwislamu ili kila mtu ale. Pangeni saa isiyogongana na swala.

Nyumba ambayo hakuna anayeipigia hodi

Nimesema kazi ni kupunguza hofu. Basi jioni ya tarehe 1, badala ya kukaa mkihadithiana habari za walozi, fikirieni mtaani kwenu ni nani anayetajwa kwa sauti ya chini. Mara nyingi ni mjane mzee asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea, au mtoto yatima anayelelewa na mama wa kambo, anayekojoa kitandani au kusema usingizini. Nyumba hiyo ndiyo ya kwanza kutembelewa tarehe 2, baada ya makaburi. Nendeni watu wanne au watano, mchana, njia kuu, mkionekana. Pelekeni mchele na mafuta. Kaeni. Kuleni alichopika, maana kukataa chakula chake ndiko kunakowaambia majirani kwamba nanyi mnaamini. Kama shirika lenu lina zamu ya kusali nyumbani kwa watu, wiki inayofuata iwe zamu ya kwake.

Mkisikia mtoto anashtakiwa, jueni sheria iko upande wake. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009, ibara ya 160, inampa mshtaki kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini ya franka 200,000 hadi 1,000,000. Ziandike namba hizo upande wa ndani wa jalada la daftari. Mwonyeshe nyumbakumi na mwalimu wa shule, kisha mwonyeshe mchungaji wa kile chumba cha maombi anayewanyima watoto chakula siku tatu "kuwatoa roho", maana yeye ndiye anayezihitaji zaidi. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Malaria ya mtoto mdogo haingoji maono ya nabii. Mzee akifukuzwa au kupigwa, mjulishe shefu na polisi mapema, tena muwe wengi. Mtu mmoja akienda peke yake atageuziwa shutuma yeye.

Sitasema kwamba mtu akienda kula kwa mjane siku moja, imani ya ulozi itakwisha. Haitakwisha. Lakini ni vigumu kumpiga mawe Jumatano mama ambaye katekista alionekana akila kwake Jumapili.

Ndugu walioko Marekani

Familia nyingi za Fizi na Kabambare zilipitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na leo ziko Marekani. Wao Halloween inawajia mlangoni, nao watakupigia kuuliza. Waambie huko mtoto wa jirani anayegonga akiwa amevaa kama mzimu anafanya kile ambacho nyumbani tunakiita kupiga hodi, na mgeni hafukuzwi. Taa ya nje ikiwaka, watoto huja; ikizimwa, hupita. Wanunue pipi, wawashe taa, wawasalimie kwa majina wale wanaowajua. Mwaka mzima wanaweza wasizungumze na jirani huyo, na usiku huo analeta watoto wake mwenyewe. Kama watoto wao wanataka kuvaa, wavae kama Bwana Chui, na wawe tayari kueleza kwa Kiingereza yeye ni nani.

Mwombe ndugu huyo pia majina. Waliozikwa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu wanajulikana na wale waliokuwa kambini kuliko na sisi. Piga picha kurasa za daftari, uzitume, akuongezee anaowakumbuka na mahali walipolala. Daftari likae kwa katibu wa shirika, lisikae kwa padri anayehamishwa kila baada ya miaka michache, na litolewe tena tarehe 1 Agosti, wakati nyasi zimekauka na makaburi ya mbali yanafikika kwa baiskeli.